Sigaa nyumbani Dar: boksi la mbao, kontena la plastiki au friji ya mvinyo?

PwaniKavu
Wakuu, habari za jioni. Shemeji karudi safari na boksi la sigaa 25 za Kuba, na mimi nilikuwa nazo kumi za Nikaragua. Nasema sigaa, yale majani ya tumbaku yaliyoviringwa, siyo sigara za pakiti, maana juzi nilimweleza fundi seremala akaniletea kikasha cha saizi ya kiberiti. Navuta moja kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo hizi zitakaa mwaka na ushee.

Nipo Mikocheni. AC nawasha usiku tu, umeme wa LUKU mnaujua wenyewe. Mchana kipimo changu cha mshale kinasoma nyuzi 31 na unyevu asilimia 78. Kila ninaposoma wanasema joto liwe nyuzi 18 hadi 21, unyevu 65 hadi 70. Nimebaki na njia tatu: humidori, yaani lile boksi la mbao lenye mfuniko mzito, kontena la plastiki na vipakiti vya Boveda vya kusawazisha unyevu, au friji ndogo ya mvinyo. Hela inatosha moja tu. Mliopitia huko semeni.

seremala_mstaafu
Kama ni boksi la mbao, uliza kwanza mbao gani. Ya asili ni Cedrela odorata. Wazungu wanauita mwerezi wa Hispania, ila si mwerezi na wala hautoki Hispania. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Hapa nchini ulishapandwa zamani, nenda msitu wa Kimboza kule Morogoro uone ulivyovamia.

Sasa tatizo: ukimwambia fundi wa mtaani "seda", yaani mwerezi, atakuletea mwangati wa Usambara. Mbao nzuri sana, hailiwi na mchwa, lakini ni ile ile ya penseli, ina mafuta na harufu kali. Weka sigaa humo wiki mbili, utavuta kabati la bibi. Mkafuri ndiyo usiuguse kabisa.

kachumbari
Si uache tu kuvuta mkuu, utatunza na mapafu.

PwaniKavu
Daktari wangu kashasema hivyo hivyo, mkuu. Turudi kwenye uzi.

DadaWaMasaki
Mimi nilianza na humidori halisi, zawadi, imepigwa polishi mpaka unajiona uso. Nikaiandaa kwa wiki mbili na vipakiti vya asilimia 84 kama wanavyoelekeza, mbao ishibe maji. Kosa langu la kwanza hilo! Mbao ilishashiba tangu inashuka uwanja wa ndege.

Ilipofika masika nikafungua, sigaa sita zimeota manyoya meupe. Si ile vumbi nyepesi ya juu unayoifuta kwa kidole. Hii ilikuwa na mizizi, kijani kijani kwenye mguu wa sigaa, ule upande wa kuwasha, na jani la nje limepasuka kama soseji iliyozidi moto, kwa sababu tumbaku ya ndani ilivimba. Moja nilijaribu kuivuta, ilizimika mara nne.

Ndipo nikaelewa. Lile boksi limebuniwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani, wakati wa baridi heater zimekausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kazi yake ni kuongeza unyevu, ndiyo maana linakuja na sponji ya kumwagia maji. Sisi wa pwani shida yetu ni kuuzuia usiingie. Na mbao inapumua, hata mfuniko uwe mzito namna gani.

Nilihamia kontena la plastiki lenye klipu nne na mpira kwenye mfuniko. Kabla ya kuweka kitu nililifunga tupu nikalizamisha kwenye ndoo nikilikandamiza kwa mikono miwili. La kwanza lilitoa mapovu pembeni, nikalirudisha dukani. La pili halikutoa hata moja. Ndani nimeweka kipakiti cha gramu 60 cha asilimia 65, wanasema kimoja kinatosha sigaa kama 25, kwa hiyo wewe weka viwili. Vile vipakiti vinatoa unyevu na kuuvuta pia, sponji haiwezi hilo. Kikiwa kigumu kama chumvi ya mawe kimekauka; kikijaa na kuchezacheza kama mfuko wa maji, kontena lako linavuja.

Halafu chukua vile vipande vyembamba vya mbao vilivyo ndani ya boksi la shemeji, utupie humo. Harufu utaipata bila gharama ya humidori.

Bin_Unguja_Muscat
Dada kasema kweli, lakini joto je? Nyuzi 31 ni 31 hata ndani ya plastiki.

Mie nna friji ya mvinyo, huku Muscat bila hiyo hakuna maisha, Julai nje panapita nyuzi 40. Ila ina vitimbi vyake. Chukua ile isiyo na kompresa. Yenye kompresa kila ikinguruma inakausha hewa, na friji ya jikoni ndo mbaya zaidi, nlitia sigaa humo wiki mbili zikatoka kama vijiti vya kuwashia jiko, na harufu ya vitunguu juu. Hii isiyo na kompresa inashusha nyuzi kumi na kitu tu chini ya joto la chumba, haingurumi.

Kitimbi cha pili: kila ukifungua mlango, hewa ya moto inaingia. Hewa ya nyuzi 30 ikishiba inabeba gramu 30 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 20 inabeba gramu 17. Hizo zilobaki zitakwenda wapi? Zinakuwa matone ukutani, yanateremka mpaka kwenye trei ya chini. Nlipoteza safu nzima ya chini hivyo. Sasa sigaa zangu zimo ndani ya kontena, na kontena limo ndani ya friji.

DadaWaMasaki
Kwa hiyo na wewe upo kwenye plastiki, kaka 😄

Bin_Unguja_Muscat
Sikukataa.

Ngong_Road
Hapa Nairobi haya yote hatuna. Mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, chumba changu kinacheza kati ya nyuzi 18 na 23 mwaka mzima. Humidori ya mbao inafanya kazi fiti, Januari na Februari ndiyo naongeza maji kidogo. Maji yawe distilled, yaani ya mvuke uliopozwa, ya bomba yana madini na yataziba sponji. Na msichukue maji ya betri kwa kubahatisha, kuna chupa zina asidi. Nenda famasi, nunua yale ya kuchanganyia sindano.

mtu_wa_Urambo
Nyote mmezungumza ukungu, hakuna aliyemtaja mdudu. Mimi nimekulia kwenye tumbaku, nimelala juu ya marobota. Tabora tunamjua dumuzi wa mahindi, basi tumbaku nayo ina wake: kijidudu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama. Mayai yanakuja ndani ya jani, huyaoni. Joto likizidi nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, kiluwiluwi anakula kutoka ndani. Utaona tundu kama la pini na unga chini yake. Akitoka mmoja anahamia sigaa ya jirani, mwezi huna kitu.

PwaniKavu, kwa nyuzi 31 hizo usiweke popote kabla ya kugandisha. Mifuko miwili ya zipu, mmoja ndani ya mwingine, toa hewa. Friza nyuzi 20 chini ya sifuri, siku tatu kamili. Kisha friji siku nzima, kisha nje mpaka joto lilingane ndipo ufungue. Ukiruka hatua, jani linapasuka. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

kipimo_tu
Na mshale wa kipimo chako usiuamini. Kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, isielee. Fungia kwenye mfuko wa zipu pamoja na kipimo, masaa 12 au zaidi. Hewa ya humo itakuwa 75. Kinachosoma tofauti ndiyo uongo wake.

PwaniKavu
Nimerudi na majibu. Kwenye chumvi kipimo kimesoma 69. Maana yake ile 78 ya sebuleni ilikuwa 84! Nimenunua kontena, mapovu hayakutoka, nasubiri vipakiti vya 65. Litakaa chini ya kabati la chumbani, ukuta usiopigwa jua. Friji ya Bin Unguja nitaitafuta mwakani. Sigaa zipo friza tangu jana usiku, katikati ya samaki, changu na kibua. Mama watoto kauliza mara mbili, la pili nimejifanya sijasikia.

mtu_wa_Urambo
Jana ni Jumatano. Jumamosi usiku hamishia friji, Jumapili usiku toa nje, Jumatatu asubuhi ndiyo ufungue mifuko. Na usiende kuchungulia.