Kulala kwenye Hiace kule Kitulo mwezi wa saba, mnapashaje joto?

HiaceYaKijani:
Wakuu habari za jioni. Nina Hiace ya dizeli nimetoa siti zote za nyuma nikaweka kitanda cha mbao na kikabati, mimi na mke wangu hua tunatembea nayo likizo badala ya kulipia gesti kila mji. Pwani hatuna shida, kule tunapigana na joto na mbu tu. Sasa mwaka jana mwezi wa saba tukasema twende Kitulo, ile hifadhi ya maua nyanda za juu kusini, tukapandia Chimala ile barabara ya kona hamsini na saba, tukafika Matamba giza limeingia tukapaki tukalala. Aisee. Saa nane usiku naamka meno yanagongana, mke wangu kajifunga taulo kichwani, na vioo kwa ndani vinatiririka maji utafikiri kuna mtu kaoga humo. Nikawasha injini ili hita ya gari ipulize, nikizima haipiti nusu saa baridi imerudi palepale. Asubuhi majani nje meupe barafu.

Mwaka huu tunarudi na mama watoto kasema hapandi mpaka nimpe jibu. Fundi mmoja kaniambia nibebe jiko la mkaa, mwingine anasema inverta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na hita ya umeme. Naomba aliyelala kweli kwenye gari anisaidie.

MnyalukoloWaSemi:
Mkuu mimi niko barabara ya Dar Tunduma miaka kumi na mbili, upepo wa Makambako naujua kwa jina. Jiko la mkaa nimelala nalo kwenye kebini mara nyingi tu, unasubiri mkaa uive vizuri moshi uishe, unashusha kioo kidogo, unalala kama mfalme. Watu wa mjini mnaogopa sana.

Nesi_mstaafu:
Kaka MnyalukoloWaSemi samahani, hapo umepona kwa bahati na hiyo bahati usimgawie mwenzio. Huo mkaa mwekundu usio na moshi ndio wenyewe unaotoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, na haina rangi, haina harufu, haikufanyi ukohoe. Inashika kwenye damu kuliko oksijeni zaidi ya mara mia mbili, kwa hiyo damu inazunguka lakini mwili haupati hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, sasa mtu ambaye ameshalala atazijuaje? Kioo kidogo sio kipimo, upepo ukigeuka umekwisha. Na wewe mwenye Hiace, kuwasha injini gari imesimama huku mmelala ni hivyohivyo, sailensa ikiwa na tundu au moshi ukipata mlango wa nyuma usiofunga vizuri unaingia ndani. Jiko la gesi pia, pika chai milango wazi, zima, ndio mlale.

MbenaUjerumani:
Mimi ni wa Njombe ila niko Ujerumani, nina van nalala nayo mpaka Januari nje digrii hasi kumi. Hita ya umeme kwa inverta sahau kabisa bro. Betri ya 12V yenye 100Ah ina kama wati 1200 za saa moja, na hizi za asidi ukizimaliza zaidi ya nusu unaziua, hita ya wati 1500 itakupa dakika ishirini na kitu halafu giza. Blanketi la umeme la 12V ndio linawezekana, linakula wati 50 hivi, usiku wa masaa nane ni kama 33Ah, yaani theluthi ya betri hiyo, ila chukulia betri ya pili usiguse ya kuwashia gari maana asubuhi utaita watu wasukume.

Huku tunatumia hita ya dizeli. Moto unawaka kwenye chemba yake iliyofungwa, inavuta hewa ya nje na moshi unatoka nje kwa bomba, hewa ya ndani inapita pembeni tu inapashwa. Inakunywa robo lita kwa saa au chini ya hapo. Lakini wewe unaenda mita 2600 na zaidi, hewa nyepesi, pampu isiyorekebishika itamwaga dizeli nyingi kuliko hewa, ijae masizi mpaka igome. Na hata ukiifunga weka alamu ya kaboni monoksaidi karibu na kitanda. Kwa usiku mbili tatu za mwaka lakini? Mimi nisingenunua.

Ningeanza na kioo cha mbele, joto lote linakimbilia hapo. Weka pazia zito nyuma ya siti ya dereva mtenge kebini, vioo vingine kata foili ya kuzuia jua ubandike na sponji. Baridi nyingine inatoka chini, tandika kapeti sakafuni na chini ya godoro weka mkeka hewa ipite lisiote ukungu.

BintiMakete:
Karibuni kwetu jamani ila mwezi wa saba maua mtayasikia tu, njooni Februari muone hiyo bustani ya Mungu. Sisi huku tunajaza maji ya moto kwenye kidumu kigumu cha lita tatu (yasiwe yanachemka), tunazungushia sweta, kinaingia miguuni nusu saa kabla ya kulala, hua asubuhi bado kina uvuguvugu. Mkalale mmekula vizuri ugali na maharage, nguo kavu mpya sio zile mlizotoka nazo jasho. Komoni, ile pombe ya kienyeji, iacheni, inakudanganya joto huku mwili unapoa. Na vile vioo kulowa ni pumzi zenu wenyewe, acheni upenyo kwenye vioo viwili hata kama inauma, mkifunga kila kitu blanketi zinaloa ndio mnagandia hapo.

HiaceYaKijani:
Dah asanteni sana, kumbe mwaka jana nilifunga mpaka tundu za hewa kwa gazeti. Jiko la mkaa nimefuta, nimemsomea mke wangu ya nesi akaninyamazia tu. Nachukua pazia, foili, duveti mbili za mitumba na kidumu. Blanketi la umeme ntaona hela.

MnyalukoloWaSemi:
Nesi nimekusikia dada. Kuna siku nilishuka Makambako asubuhi kichwa kinapasuka nikasema ni malaria, nikanunua dawa nikameza. BintiMakete hicho kidumu cha lita tatu kikikaa kebini hakivuji?