Udhanaishi una la kumwambia mtu anayetawaliwa?

Wakuu, kuna hoja inayorudiwa sana: kwamba udhanaishi, falsafa isemayo mtu hujiumba mwenyewe kwa anayochagua, ni falsafa ya mtu mmoja aliyejifungia na uhuru wake, hivyo haumsaidii mtawaliwa, ambaye shida yake ni ya wengi. Naipinga, ila si kwa kumtetea Sartre, mwanafalsafa Mfaransa anayejulikana zaidi kwa udhanaishi.

Mwaka 1948 Sartre aliandika dibaji ya diwani iliyokusanywa na Senghor, mshairi wa Senegal. Aliwasifu washairi weusi, kisha akasema fahari yao ya weusi ni hatua ya kupita tu kuelekea jamii isiyo na ubaguzi. Frantz Fanon, kijana wa Martinique aliyesomea udaktari Ufaransa, alimjibu kwa uchungu mwaka 1952. Nami nasimama na Fanon. Ukishaitwa kwa rangi yako kabla hujafungua mdomo, utajiumbaje upya kana kwamba hakuna aliyekutangulia kukuumba kwa macho yake? (Rahisi kuiita rangi hatua ya kupita kama hujawahi kusumbuliwa nayo.)

JIBU: Sawa ndugu, lakini huyo Fanon wako bado ni mtu mmoja anayejitafakari. Mkoloni aliondolewa na chama na bunduki. FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, walianzisha vita dhidi ya Ufaransa tarehe 1 Novemba 1954, hawakumngoja mwanafalsafa wa Paris.

MLETA MADA: Hawakumngoja, kweli. Na Fanon hakubaki kwenye tafakuri: mwaka 1956 aliacha kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, akaenda kuwatumikia haohao FLN. Ila chama nacho hakielezi kila kitu. Mwaka 1957 askari wa miavuli wa Ufaransa waliuvunja mtandao wa FLN jijini Algiers. Desemba 1960, mtandao ukiwa bado dhaifu, maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, walimiminika mitaani na bendera mbele ya bunduki. Mwaka huohuo Sartre alikuwa amechapisha kitabu kinachotofautisha watu wanaosubiri basi, kila mmoja na lake, na umati unaogeuka kundi moja pale kila mtu anapoiona hatari ya mwenzake kuwa yake. Mfano wake aliutoa Paris ya Mapinduzi ya 1789, wakati Algiers ilikuwa inawaka.

Sasa wewe unayesema chama kinatosha: Desemba ile, yule mama aliyetoka nyumbani na bendera aliamriwa na nani?