Daftari la wakala libaki au liondolewe?

Kijana wa Barabara ya Kumi: Wana Tanga, tuliongee hili. Jana mama katoa 200,000 kwa wakala mmoja wa pesa za simu Ngamiani. Daftarini kaandika jina, simu, namba ya NIDA, kiasi, kasaini. Hajafika nyumbani, simu inaita: "Mama, ile laki mbili imeleta hitilafu, bonyeza hapa, weka namba hii, sasa weka namba ya siri." Majina yake matatu anayo, kiasi anakijua. Mama kabonyeza, salio lote limekwenda. Tapeli hayo kayapata wapi kama si daftarini? Madaftari yaondolewe!

Wakala Makorora: Yaani leo mawakala ndio wezi? Bila daftari, mteja akirudi kesho kuniambia hakupokea pesa, floti yangu, pesa yangu ya kuendeshea kazi, analipa nani? Aliyebonyeza ni mama yako.

Binti Chumbageni: Mama wa mwenzio kaibiwa, nawe wamsuta! Pole huna?

Mpwa wa Mbagala: Tatizo ni upole wenu watu wa Tanga. Mtu akiitwa "mama" kwa sauti laini, hata ufunguo wa nyumba anatoa.

Binti Chumbageni: Koma. Ile "hela tuma kwenye namba hii" watumiwa wa Dar na wanatuma. Upole wetu haukumwibia mtu.

Mpwa wa Mbagala: Mimi mama yangu mzaa chema ni wa Pangani, nawajua.

Wakala Makorora: Unawajua halafu unawatukana?

Mwalimu Raskazone: Wanangu, mnagombania miji. Kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2023, nadhani, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Daftari limefunuliwa mezani, aliye kwenye foleni anasoma, mwenye simu anapiga picha. Wewe wakala, lako liko wapi sasa hivi?

Wakala Makorora: Shikamoo mwalimu. Liko mezani. Kulifunika nakubali, kuliondoa hapana.

Karani Mkwakwani: Sheria imepitishwa 2022, mwalimu, 2023 ndipo ilipoanza kutumika. Ila mwamwonea wakala. Hizi programu za mikopo mnaziruhusu zisome majina yote ya simu, ukichelewa kulipa wanampigia hadi mkweo. Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na leseni mwaka 2024, na bado watu wapakua.

Kijana wa Barabara ya Kumi: Mama hana mkopo wowote! Nimeamua, namba yake ya siri naibadilisha, nakaa nayo mimi.

Binti Chumbageni: Hapo sikubali. Pesa ya mama, namba ya mama. Wazazi wangapi humu mjini wamemalizwa na wanao wenyewe?

Kijana wa Barabara ya Kumi: Unanituhumu? Dawa zake nanunua mimi!

Mpwa wa Mbagala: Dada, hapo umevuka mpaka.

Binti Chumbageni: Sijamtaja yeye. Mama akitaka mia tano ya vitumbua amwombe mwanawe ruhusa? Kaa naye, abadilishe mwenyewe, mwambie hakuna wa kampuni atakayempigia kumwelekeza kubonyeza. Piga *106# uone kama hakuna laini ngeni kwa kitambulisho chake. Na ile namba ya tapeli umeshaituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli?

Kijana wa Barabara ya Kumi: Bado.

Binti Chumbageni: Tangu jana! Itume sasa, leo hii anampigia mama wa mwingine.