Wakala alizuia neno «gesi» kwenye matangazo yetu, na kazi yetu ni kujaza gesi za friji

Wanajukwaa,

Tuna karakana ndogo ya kutengeneza friji na mashine za kufulia hapa Ngara, mafundi wanne pamoja nami, na kwa miezi mitatu tumekuwa tukimlipa wakala wa matangazo ya mtandaoni, ambaye sitamtaja, shilingi 20,000 kila mwezi ili asimamie kampeni yetu ya Google Ads. Fedha hizo ni ujira wake tu. Gharama ya mibofyo, shilingi 1,500 kwa siku, hukatwa kwenye kadi yetu.

Kilichonishtua kwanza ni simu ya Jumamosi moja, saa moja jioni, kutoka kwa mama mmoja wa Umoja aliyetaka aletewe mtungi wa kilo 13 upesi kwa sababu gesi ilikuwa imemwishia na maharagwe yalikuwa bado jikoni. Nilipomweleza kwamba hatuuzi gesi ya kupikia, aliniuliza, «Sasa mbona mmeandika mnajaza gesi?» Nilikosa la kumjibu. Alikuwa ametafuta mahali pa kujaza gesi karibu naye, tangazo letu likamtokea juu kabisa, akalibofya, na mbofyo huo tukaulipia sisi. Wiki hiyo nilipokea simu saba za namna hiyo.

Nilimwandikia wakala, naye akajibu siku hiyohiyo kwa neno moja: «Tumeshughulikia.» Kweli, simu za mitungi zilikoma, lakini simu za friji nazo zikapungua, hasa za watu ambao friji zao huwaka taa na kunguruma usiku kucha bila kugandisha chochote kwa sababu gesi yake imepungua, na hao ndio wanaotulisha. Kwa wiki mbili nilijiambia kwamba ni baridi ya Julai, kwa maana msimu huo maziwa hukaa hata juu ya meza. Hatimaye nilidai kuingia kwenye akaunti, ambayo hadi siku hiyo hatukuwa tumepewa ruhusa ya kuitazama ingawa inalipiwa kwa kadi yetu, na humo ndimo nilimokuta sababu: wakala alikuwa ameliweka neno «gesi», pamoja na mwenzake wa Kiingereza, kuwa neno hasi kwa ulinganifu mpana.

Kwa wasioifahamu kazi hii, neno hasi ni neno unaloukataza mfumo usionyeshe tangazo lako mtu anapolitafuta. Likiwa neno moja, na ukaliweka kwa ulinganifu mpana, kila utafutaji wenye neno hilo unafungiwa nje, liwe mwanzoni, katikati au mwishoni. Kwa hiyo aliyetafuta «kujaza gesi ya friji Lang'ata» hakutuona tena. Dawa ilikuwa kuzuia «gesi ya kupikia» kama kifungu, yaani maneno hayo yakifuatana hivyohivyo tu, kisha «kilo 6», «kilo 13», «mtungi» na «mitungi». Nimeandika umoja na wingi makusudi. Maneno ya kawaida ya kampeni hujinyoosha hadi kwenye wingi na visawe, ila maneno hasi hayafanyi hivyo; kosa la tahajia ndilo Google ilitangaza mwaka 2024 kwamba litazuiwa lenyewe, lakini ukizuia «mtungi» pekee, anayetafuta «mitungi» bado atakubofya.

Orodha yenyewe ilikuwa na maneno 340, karibu yote ya Kiingereza, na humo mlikuwamo Home Depot na Lowe's, maduka ya Marekani ambayo sijawahi kumsikia mteja wa Kasarani akiyataja. Ni wazi kwamba iliandaliwa kwa ajili ya biashara nyingine, katika nchi nyingine, kisha ikabandikwa kwetu jinsi ilivyo. Ilizuia neno la Kiingereza la bei nafuu, kana kwamba kuna mtu Nairobi anayetafuta fundi ghali! Ilizuia neno la Kiingereza la kazi kwa umoja tu, bila wingi wake, na haikuwa na «ajira», «nafasi za kazi», «mshahara», «kozi», wala «mtumba». Matokeo yake ni kwamba vijana waliokuwa wakitafuta kazi ya ufundi wa friji walibofya tangazo letu mara 61. Wawili walifika hadi karakana wakiwa na vyeti vyao ndani ya bahasha, mmoja akiwa amepanda matatu mbili kutoka Ruiru. Nilimpa chai. Sikuwa na la kumwambia zaidi.

Sidai kwamba kazi hii ni rahisi. Chukua neno «bei»: anayetafuta «bei ya friji» anataka kununua friji mpya na si mteja wetu, ilhali anayetafuta «bei ya kutengeneza friji» ni mteja ambaye pengine ameshika pochi tayari, kwa hiyo huwezi kulifuta neno lenyewe, unazuia kifungu cha kwanza na kukiacha cha pili. Uamuzi kama huo hautoki kwenye orodha ya kunakili, bali kwa mtu anayefungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa walau mara moja kwa wiki, akasoma mstari kwa mstari, akijiuliza aliyeandika hivi alitaka nini. Tena awe anajua kwamba mtu wa hapa huanza sentensi kwa Kiingereza na kuimalizia kwa Kiswahili.

Nilipomkabili wakala, alijitetea kwamba Google haionyeshi maneno yote. Ni kweli, tangu Septemba 2020 ripoti hiyo huonyesha tu maneno yaliyotafutwa na watu wa kutosha, na sehemu ya fedha zako huishia kwenye maneno usiyoyaona. Lakini hata yale yaliyoonekana hakuyasoma. Historia ya mabadiliko ya akaunti inaonyesha kwamba katika miezi mitatu orodha ya maneno hasi iliguswa mara mbili tu, siku ilipobandikwa na siku «gesi» ilipozuiwa.

Nimemwondoa kwenye akaunti. Nimemdai ujira wa miezi miwili, naye amenijibu kwamba mkataba unasema kazi iliyokwisha kufanyika hairejeshewi fedha. Jana alinitumia ankara ya mwezi wa nne, na mstari wake wa tatu unasomeka «uboreshaji wa maneno hasi, shilingi 6,000». Kama kuna aliyewahi kudai fedha zake kwa wakala wa namna hii akalipwa, naomba anieleze alianzia wapi.