Mrejesho: kambi ya likizo ya mabinti, Moshi

Wakuu, mwezi wa tano niliwauliza kambi ya likizo ya bei nafuu kwa mabinti wangu wawili, miaka 14 na 16, nikiwa na laki moja tu kwa wote. Mrejesho ndio huu.

Zile za kulala hukohuko zilinishinda. Moja walinitajia bei kwa dola kabisa, kana kwamba nawaletea watalii! Nikamfuata aliyesema niulize makanisani, nikapata ya siku 5, asubuhi hadi jioni, shilingi 40,000 kwa mtoto, uji na chakula cha mchana humohumo. Wametembea Msitu wa Rau, wamepanda Materuni kwenye maporomoko, wamekaanga kahawa na kuitwanga kwenye kinu. Yule mkubwa, ambaye nyumbani kuosha kikombe ni ugomvi, sasa ananielekeza mimi moto uwe kiasi gani buni isiungue.

Kasoro ni nauli ya Materuni, 5,000 kila mmoja, iliyodaiwa asubuhi ileile bila taarifa. Mdogo alirudi na malengelenge miguuni, ila raba mpya nilimvalisha mwenyewe. Desemba wanarudi, majina nimeshaandikisha.