Gereji mnaofunga tabo kwenye 1HZ bila geji ya joto la moshi, mnatuulia injini

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la kuvuta hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo) imelala juu ya mawe hapa Arusha, hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, iko mezani, pistoni ya tano imemeguka ukingo wake wa juu, na aliyeifikisha hapo bado anapokea gari za watu kila asubuhi na kuwaambia maneno yaleyale: "Bosi, tunakufungia tabo, gari itapaa." Tabo ni ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa zaidi. Jina la gereji sitalitaja, hayo yana mahali pake. Kazi yenyewe ndiyo nataka muijue vizuri, maana nimezunguka kwa mafundi wengine kutafuta msaada na kila nilipoingia nimekuta mkonga mwingine uliofungwa vilevile.

Gari ni ya biashara ya familia. Injini ni 1HZ, dizeli ya Toyota isiyo na tabo kutoka kiwandani, bodi ya safari iliyorefushwa, paa la kufunguka, friji, tairi mbili za akiba nyuma. Mdogo wangu ndiye anayeiendesha, anapeleka wageni Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Kabla ya tabo injini ilikuwa nzima: haili oili, haichemshi, asubuhi ya baridi kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro inawaka kwa slesi moja.

Tulichotaka hakikuwa anasa. Wenye mkonga mnajua. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, nguvu yake ni kama farasi 130 tu, na hiyo ni ikiwa inapumua hewa ya pwani. Kule juu kwenye ukingo wa kreta ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kwa hiyo injini isiyo na tabo inafika Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, ikiwa imeshapoteza nguvu, halafu ndipo mlima unapoanza, gari imejaa, lori liko mbele, na dereva yuko gia ya pili. Tabo inairudishia injini hewa iliyoibiwa na mwinuko. Kwa mazingira yetu ni wazo zuri kabisa. Ndiyo maana naumia zaidi: kitu kizuri kimefanywa hovyo, kesho watu watasema "tabo inaua 1HZ" na kuishia hapo.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Kwenye makubaliano tuliandika geji mbili: ya presha ya tabo na ya joto la moshi wa ekzosi. Zote zililipiwa. Gari ilipotoka, geji mbili zilikuwepo pale kwenye dashibodi, zinawaka taa nzuri za bluu. Fundi mwingine alipokuja kufungua ndipo tukaona: zote mbili zimeunganishwa kwenye mpira mmoja wa presha. Kwenye manifodi ya ekzosi, lile bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye injini, hakuna tundu, hakuna sensa, hakuna waya. Ile ya "joto" ilikuwa inapima presha ileile kwa sura nyingine. Mdogo wangu alikuwa anaitazama mlima mzima akiamini injini iko salama. Huo si uzembe wakuu, ni wizi, na ni wizi wa kitu ambacho kingeokoa injini.

Kwa nini naking'ang'ania hiki kigeji? Kwa sababu kwenye dizeli joto linaletwa na mafuta, haliletwi na tabo. Ukifunga tabo ukaacha pampu ya mafuta ilivyotoka kiwandani, hewa inaongezeka, mafuta ni yaleyale, moshi unatoka msafi na joto halipandi kwa kutisha. Mteja naye atasema haoni tofauti kubwa. Hapo ndipo fundi anakwenda nyuma ya pampu, anavunja ile sili ya kiwandani, anafungulia skurubu ya mafuta. Gari inakuwa na nguvu, mteja anatabasamu, pesa inalipwa. Amefungulia kiasi gani? Anapima kwa sikio na kwa rangi ya moshi. Joto la moshi halisikiki kwa sikio! Wanaofanya kazi hii Australia, ambako 1HZ zimefungwa tabo kwa miaka mingi, wanachukulia nyuzi 700 za sentigredi, zikipimwa kwenye manifodi kabla ya tabo, kuwa mpaka wa kupanda mlima mrefu. Pistoni ni aluminiamu, na aluminiamu tupu inayeyuka kwenye 660. Inapona kwa sababu oili, ringi na kuta za silinda zinaondoa joto haraka. Ukimimina mafuta kupita kiasi dakika kumi mfululizo mlimani, joto linaingia kuliko linavyotoka, na ringi ya juu ndiyo inayoanza kupata shida.

Na hawa walijaribia wapi gari? Barabara ya lami tambarare, gari tupu, kwenda na kurudi. Kule gari yoyote inapendeza. Jaribio la tabo ni kutoka Mto wa Mbu kupanda ule ukuta wa bonde hadi Rhotia, mzigo umo ndani, mtu mmoja anaendesha na mwingine macho kwenye geji.

Tabo yenyewe sasa. Tuliambiwa ni ya saizi ya injini. Iliyokutwa ni CT12B, ya Prado 1KZ ya lita 3! Injini ya lita 4.2 inatoa moshi mwingi kuliko mlango wa ile tabo unavyoweza kupitisha. Chini inavuta haraka, ndiyo, na ndicho kinachomdanganya mteja kwenye jaribio la mjini. Ukikanyaga mlimani moshi unakwama mlangoni, unarudi kuisukuma injini, joto linapanda. Na nyuma yake wakaacha bomba lilelile jembamba la ekzosi la kiwandani, wakati kila anayejua kazi hii anaweka la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi mwisho. Bomba ni chuma tu wakuu, linachomelewa Unga Ltd hapo kwa siku moja. Walishindwa nini?

Bomba la kurudisha oili ndilo lilinitoa machozi. Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, inaelea kwenye oili. Oili inaingia kwa presha lakini kutoka inatoka kwa kuanguka yenyewe, kwa hiyo bomba la kurudi lazima liwe pana, literemke bila kupanda popote, liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Hawa walitumia mpira mwembamba wa maji, wakaupitisha chini ya maunti ya injini kisha wakaupandisha tena kwenye sampu, umepinda kama bomba la chini ya sinki. Oili imetuama pale kwenye kona, imeiva kwa joto, imekuwa masizi meusi magumu. Nimeukata ule mpira kwa kisu: tundu lililobaki halipitishi hata penseli. Gari ilipoanza kutoa moshi wa bluu wakatuambia tabo imekufa, tununue nyingine. Haikuwa imekufa. Oili haikuwa na pa kutokea, ikapita kwenye sili na kuingia upande wa hewa.

Klampu ya mpira kati ya filta ya hewa na tabo nayo ilikuwa imelegea. Vumbi la Serengeti mnalijua. Mapanga ya tabo yameliwa ncha kama yamepigwa msasa. Na vumbi lililopita hapo liliendelea hadi kwenye silinda.

Hedi imepasuka kutoka kwenye kile kikombe cha kichumba cha mwako kwenda kwenye kiti cha valvu, silinda mbili. Aliyeifungua aliniambia ndipo 1HZ zilizochemshwa na mafuta mengi zinapopasukia, hakushangaa hata kidogo.

Nilipowarudia wakanipa majibu matatu. Kwanza, tumebebesha mzigo. Gari ya safari ibebe nini, hewa? Wao wenyewe waliiona bodi na viti. Pili, dizeli chafu. Dizeli chafu inaua nozeli (vipulizia mafuta) na pampu, haimegui pistoni kwa joto huku nozeli zote sita zikipimwa na kukutwa zinapuliza sawa. Tatu, wakanionyesha risiti imeandikwa "matengenezo ya gari" na chini yake "gari ikitoka getini hatuhusiki". Milioni sita na nusu, risiti ya mstari mmoja!

Mkuu wao wa gereji akamalizia kwa kuniambia, "Mzee, 1HZ na tabo ni bahati." Hapana. Toyota wenyewe walishaonyesha si bahati. Walipotaka tabo kwenye 2H ya lita 4 hawakuning'iniza tabo wakaondoka, walitengeneza 12H-T, nozeli zinapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, si kwenye kichumba kidogo ndani ya hedi kama 2H na 1HZ. Walipotaka tabo kwenye familia ya 1HZ wakatoa 1HD-T mwaka 1990, ujazo uleule wa 4,164, lakini kompresheni (kiwango cha kubana hewa ndani ya silinda) wakaishusha kutoka 22.4 hadi 18.6, wakabadilisha pistoni na hedi, wakaweka vijibomba vya kurusha oili chini ya pistoni kuipoza, na pampu ikapewa kiwambo kinachoongeza mafuta pale tu presha ya tabo inapofika. Kwa jasho lote hilo wakapata farasi kama 165. Halafu fundi wa hapa anaahidi nguvu hiyohiyo kwa bisibisi nyuma ya pampu, mchana mmoja!

Nyongeza: nimesoma maoni yenu, najibu machache.

Mkuu uliyesema 1KZ nayo ina kichumba kwenye hedi na imekuja na tabo toka kiwandani, hivyo hoja yangu haina mashiko: ni kweli imekuja nayo, ila ilitengenezwa kwa ajili hiyo na pampu yake inajua tabo ipo. Na hata hiyo 1KZ, nenda kaulize wauza spea ni hedi ipi inatafutwa kuliko zote. Kupasuka hedi ndiyo sifa yake.

Uliyesema naandika kwa wivu kwa niaba ya gereji shindani: mpira uliozibika ninao, geji zote mbili ninazo zikiwa na kiungo chake kimoja. Njoo uangalie, karibu sana.

Ndugu wa Karatu uliyeuliza kama auze gari yake yenye tabo: usiuze, na usiing'oe bila sababu. Wapo watu wana 1HZ yenye tabo inayopanda huo mlima miaka na miaka. Wameiacha presha kwenye psi 7 hadi 10, hawana tamaa ya zaidi. Walipima kompresheni ya silinda zote kabla ya kufunga chochote, walipeleka nozeli na pampu kwenye mashine, wanabadilisha oili kila kilomita 5,000, na wakifika juu wanaiacha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta dakika mbili tatu kabla ya kuzima ili tabo ipoe na oili ikiwa bado inapita.

Wewe anza na geji. Fuata waya wake kwa mkono wako mwenyewe hadi uguse sensa kwenye manifodi, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Kisha ingia chini utazame bomba la kurudisha oili kama linateremka lote. Ukiona moshi mweusi kila unapokanyaga, skurubu imefunguliwa kupita kiasi, hata kabla geji haijakuambia. Ukipanda na ukaona inakaribia 700, shusha gia na upunguze mguu, joto litashuka papo hapo. Kama kila mlima inapita hapo, irudishe kwa aliyeifunga airudishe skurubu, na salio usimlipe mpaka apande gari akae kiti cha mbele, mkapande naye kutoka Mto wa Mbu mkiwa na mzigo kamili.