Tupeane uzoefu: uvuvi wa maji baridi, kuanzia Jilore na Chemchem hadi maziwa ya Tana

Hamjambo wote, na wakubwa shikamooni. Hapa Malindi ukitaja uvuvi, mtu anawaza changu na kolekole. Hata mimi baba yangu alikuwa mtu wa bahari. Lakini samaki aliyenifunza subira ni kambare wa Ziwa Jilore, kwa mjomba. Naanza, nanyi leteni yenu.

Maziwa ya Jilore na Chemchem yanaishi kwa hisani ya Mto Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto unafura, maji mekundu yanajisukuma hadi ziwani, na samaki wanaingia nayo. Usiku wa kwanza mjomba alinipa mshipi, ndoana moja na utumbo wa kuku. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kambare alipokuja hakudonoa, aliondoka na mshipi mzima mzima. Nilipomtoa nikamshika kiunoni, akapinda, mwiba wa pezi la ubavuni ukanizama kwenye kiganja. Mkono ulivimba siku tatu. Mjomba akanionyesha: vidole vipite nyuma ya ile miiba miwili, kichwa kikiwa kiganjani. Tulimtia kwenye ndoo isiyo na maji, na alfajiri nikamkuta bado anachezesha sharubu. Ana kiungo karibu na matamvua kinachovuta hewa kama sisi.

Kinachoniuma ni hiki. Mafuriko yakija, kambare huvamia nyasi zilizofunikwa na maji ili watage. Wakati huohuo utaona watu wamekinga chandarua pale maji yanapoingilia, wanazoa hadi vifaranga. Jamani, ule ni mlango wa ziwa zima.

Kijana wa Mpeketoni: Mkuu, umenigusa. Sisi Lamu tuna Ziwa Kenyatta, na ukame wa 2016 hadi 2017 ulilikausha. Viboko walikufa tope likiwa limewakaba. Maji yalipopungua, watu waliingia na mabeseni wakaokota samaki kwa mikono, na mimi nilikuwemo. Nyumbani tulikula samaki asubuhi na jioni, mama akakausha wengine juu ya paa. Baada ya hapo ziwa likawa uwanja wa nyufa, ng'ombe wanapita katikati. Mvua ilirudi, lakini nilikaa muda mrefu natupa ndoana na kutoa majani matupu. Laiti tungeacha hata dimbwi moja.

Mpokomo wa Ngao: Huku kwetu Ziwa Shakababo na maziwa mengine ya delta yanaungana Mto Tana ukifurika, kisha kila moja linabaki peke yake. Tunatega migono, ile mitego ya samaki, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Nataka nimtaje kamongo. Huyo ziwa likikauka hahami. Anajichimbia topeni, anajizungushia utando wa ute wake, anaacha tundu dogo la kupumulia, kwa kuwa ana mapafu. Babu alikuwa akitembea juu ya tope kavu, anainama, anatazama tundu, anachimba kwa jembe polepole. Lakini hakuchimba matundu yote. Aliyaruka mengine, nikimuuliza anasema, "Hao ni wa mvua." Na mjihadhari na meno yake, kidole anakikata.

Mama Samaki, soko la Malindi: Wanangu, wateja wangu hukataa kambare kwa ule utelezi na harufu ya tope. Msugue kwa unga wa mahindi na ndimu, msuuze, kisha chumvi, akae kidogo kabla ya kumkaanga. Tangu niwaeleze hivyo, kambare ndio wanaotangulia kuisha mezani.

Mgeni wa Watamu: Asanteni. Nataka kuja Jilore na mwanangu wa miaka tisa. Viboko je?

Jibu langu: Karibu ndugu yangu, ila njooni asubuhi jua likishapanda. Ukiona nyasi zimelazwa njia pana kuelekea majini, hapo ni pa kiboko, usikae kati yake na maji. Mtoto asiingize miguu ziwani, mamba wapo. Mletee ufito wa mwanzi, ndoana ndogo na nyungunyungu, aanze na tilapia. Kiboya kikitikisika asivute. Asubiri kizame kabisa.

Mpokomo wa Ngao: Na akipata mwenye vifaranga mdomoni, amrudishe. Tilapia wetu hulea watoto humo. Mara ya kwanza nilidhani anatapika.